MGENI ALIYE KIFUNGONI NA UGONJWA USIOONEKANA



Barabara itokayo Mbeya hupita Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai, ikateremka Kyela hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Kwa njia hiyo wamepita vijana wengi wa Ethiopia na Somalia waendao kutafuta riziki Afrika ya Kusini. Wengine hawakufika. Mwezi wa Juni 2012 maiti zaidi ya 40 za Waethiopia waliosafirishwa katika lori zilikutwa mkoani Dodoma. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Na wako wanaokamatwa njiani, wakashitakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, wakafungwa.

Hatusemi sheria ivunjwe. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini mtu aliyefungwa angali mtu, tena ana roho na akili, na akili nayo huugua.

Mfungwa wa kwetu huijua siku yake ya kutoka, na ndugu zake humjia. Mgeni hana ndugu wa kumjia. Hata amalizapo kifungo, huenda akakaa akingoja hati ya safari na nauli ya kumrudisha kwao, asijue ni lini. Pengine hana wa kusema naye lugha yake. Pengine wazazi wake waliuza ng’ombe ili kumlipa wakala, naye aona haya kurudi mikono mitupu. Pengine amewaona wenzake wakikata roho njiani. Je, ni ajabu akikosa usingizi, akikataa chakula, akishtuka kila mlango ufungwapo?

Hapo watu husema: “Ana kiburi,” au “Anajisingizia,” au “Ana pepo.” La, ndugu zangu! Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, nao una matibabu yake. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zaagiza mfungwa atibiwe sawasawa na watu walio nje, wala hazikumtenga mgeni. Basi mganga amwulize habari zake kwa kinywa cha mkalimani, na mama yake apelekewe habari kwamba yu hai.

Nasi je? Kumzuru mfungwa ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekisimu. Wakristo wa Rungwe waijua baridi ya Juni na Julai: blanketi moja, likiombewa ruhusa kwa wakuu wa gereza, ni dawa ya mwili na ya moyo pia. Tukumbuke kwamba vijana wetu nao wamo katika nchi za watu.

Siku ya Hukumu Bwana Wetu Yesu Kristu hatatuuliza kama mgeni yule alikuwa na pasi. Atatuuliza kama tulikwenda kumwona.