Seva Mbili Zilizo Nyuma ya Mlango Mmoja

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, mnamo saa 12:40 jioni, WhatsApp ilinyamaza. Facebook na Instagram nazo zikanyamaza. Kuanzia Chiola na Ruangwa hadi Dar es Salaam na Nairobi, ujumbe ulikwama kwenye ile alama ndogo ya saa, haupati hata tiki moja. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, kipindi ambacho wakulima wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huulizana habari za mnada kwa simu. Wengi walidhani bando limeisha au simu imeharibika. Kimya hicho kilidumu takribani saa 6.

Nalisimulia tukio hili kwa ajili ya vijana wetu wanaojitolea kutengeneza programu huria, kwa sababu kilichoiangusha kampuni tajiri kiasi kile kinaweza kutuangusha sisi kwa urahisi zaidi.

Kila jina la mtandao lina seva za majina. Simu inaziuliza anwani ya jina fulani, zinajibu kwa namba, ndipo mawasiliano yanaanza. Facebook ilikuwa na seva za majina 4, zote ndani ya mtandao wake yenyewe. Jioni ile, wakati wa matengenezo, amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao mkuu wa kampuni ilikata viungo vyote baina ya vituo vyake vya data. Seva za majina zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, ziliacha kuutangazia ulimwengu njia ya kuzifikia. Hazikuzimika. Majibu zilikuwa nayo, ila hapakuwa na njia ya kuzifikia. Zana ambazo mafundi wangezitumia kutafuta tatizo zilitegemea majina hayohayo, nazo zikakwama.

Dalili zilikuwepo. Programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia amri ile ilikuwa na hitilafu. Tena kampuni ilikuwa na desturi nzuri ya kujaribu maafa kwa makusudi, kuzima hiki na kile ili ione nini kitatokea, lakini baadaye ilikiri kwamba haikuwahi kujaribu hali ya mtandao mkuu wote kukatika. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Walijaribu yale waliyoweza kuyafikiria, na lile lililoonekana haliwezekani wakaliacha.

Wala hawakuwa wa kwanza. Januari 2001 fundi wa Microsoft alibadilisha mipangilio ya rauta, na kwa karibu siku nzima tovuti za kampuni hiyo hazikufikika kwa wengi. Seva zake za majina zilikuwa 4, zote nyuma ya rauta hiyo. Ni sawa na mkulima anayegawa ufuta wake katika maghala manne yenye mlango mmoja na ufunguo mmoja. Na onyo lilikwisha kutolewa. Mwongozo wa Julai 1997, RFC 2182, ulieleza wazi kwamba seva za majina zitawanywe, kijiografia na kimtandao. Mmoja wa waandishi wake, Randy Bush, ndiye mwanzilishi wa NSRC, taasisi iliyowasaidia mafundi wengi wa Afrika kujenga mitandao yao.

Sasa tujitazame. Mradi wa kujitolea huanza na mtu mmoja mwenye moyo. Anasajili jina kwa barua pepe yake, analipia kwa kadi yake, anaweka seva zake mbili za majina kwa mwenyeji mmoja, yaani kampuni moja inayokodisha seva, kwa sababu ndiyo bei aliyoiweza. Simlaumu, ningekuwa na fedha hizohizo huenda ningefanya hivyohivyo. Lakini tuzitambue dalili mapema.

Dalili inayopuuzwa kuliko zote ni seva ya pili iliyokwisha kufa. Ya kwanza inaendelea kujibu, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Nyingine ni namba ya toleo. Katika faili la majina kuna namba, mara nyingi tarehe na tarakimu mbili, kama 2024051201. Ukibadilisha anwani ukasahau kuiongeza namba hiyo, seva ya pili, inayonakili faili hilo kutoka kwa ya kwanza, itaona hakuna jipya na kuendelea kutoa majibu ya zamani. Na seva ya kwanza ikizimika, ya pili hubaki na nakala yake mpaka muda uliowekwa uishe, mara nyingi sekunde 1,209,600, yaani wiki mbili. Wiki mbili zote hizo mambo yanaonekana shwari. Siku ya kumi na tano jina linapotea.

Tuutazame na usajili. Januari 2021 jina perl.com, linalotumiwa na jumuiya ya lugha ya programu ya Perl, liliporwa, likarudishwa mwezi uliofuata. Wenyewe waliamini wezi walikwisha kuingia kwenye akaunti ya usajili tangu Septemba. Hiyo ni miezi ya ukimya ambayo jicho moja la kukagua lingefaa sana.

Kwa sisi wa Tanzania kuna jambo la ziada. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa. Mradi wenye seva zake zote Ulaya ulikuwa hatarini kuwapoteza watu wa hapa. Wenye zote Dar es Salaam ungewapoteza walioko nje. Weka moja ndani na moja nje, kwa wenyeji wawili tofauti.

Basi, ndugu zangu, Jumamosi hii ulizeni kila seva peke yake, moja baada ya nyingine, inatoa namba gani ya toleo. Angalieni jina linaisha lini na ni akina nani wenye nywila. Wawe wawili au watatu. Na barua pepe ya usajili isiwe chini ya jina lilelile, maana siku jina likianguka, barua ya kuwasaidia kulirejesha haitawafikia.