Kusudi Lako Linaanza Kabla ya Mstari wa 11



Kuna swali ambalo vijana huniuliza sana tukitoka ibadani: "Nitajuaje kusudi la maisha yangu?" Mara nyingi anayeuliza amemaliza shule ama chuo, na amezunguka mji mzima na bahasha ya vyeti. Wazee nao wanalo swali hilo hilo, ila wao huliuliza wakigeuka nyuma: "Kwani haya yote nilikuwa nayafanyia nini?"

Jibu tulilozoea kupeana ni mstari mmoja, Yeremia 29:11. Utauona kwenye vioo vya matatu, kwenye kadi za harusi, kwenye kalenda na kwenye simu za watu. Unatuambia Mungu anatuwazia mema na kwamba mbele yetu kuna tumaini. Hiyo ni kweli, na tuseme amina. Lakini mstari huo ni sehemu ya barua. Mzazi akikuandikia barua nawe usome sentensi moja ya katikati, utajua anakupenda, lakini hutajua amekutuma nini. Kwa hivyo leo nakusihi ufungue Biblia yako, uweke kidole kwenye sura hiyo, tuisome kutoka juu.

Ilikuwa mwaka wa 597 kabla ya Kristo. Nebukadreza alimchukua Mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawahamishia Babeli. Huko hakukuwa karibu. Ezra alipokuja kusafiri kutoka Babeli hadi Yerusalemu, miaka mingi baadaye, alitumia miezi minne njiani (Ezra 7:9). Watu hao walikaa ugenini wakiwa na wazo moja tu, kurudi nyumbani.

Na kulikuwa na nabii wa kuwaambia walichotaka kusikia. Soma sura ya 28. Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme na mateka wote. Ujumbe ulikuwa mtamu hata Yeremia mwenyewe akasema amina, akatamani iwe hivyo. Lakini Mungu hakuwa amesema hivyo. Barua ya Yeremia ilipofika Babeli, mikononi mwa Elasa na Gemaria, haikusema miaka miwili. Ilisema 70.

Hebu hesabu. Mtu wa miaka 30 aliyesikia barua ile ikisomwa alielewa kwamba yeye hatarudi. Labda mtoto wake, ama mjukuu wake. Mstari wa 11 kwake haukuwa ahadi ya mlango kufunguka mwezi ujao. Sasa huyo mtu, ambaye ahadi itatimia akiwa kaburini, maisha yake yana maana gani? Nadhani hilo ndilo swali lenyewe la kijana wa bahasha, na la mzee pia.

Barua inamjibu, lakini jibu liko mstari wa 5 hadi wa 7. Anaambiwa ajenge nyumba akae ndani yake. Apande bustani ale mazao yake. Aoe, azae, aozeshe watoto wake. Halafu linakuja neno gumu kuliko yote: autakie heri mji ule ule uliomchukua mateka, auombee, kwa sababu mji ukiwa salama naye atakuwa salama. Tena Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa maana kinatofautisha "wewe" na "ninyi". Barua yote inasema na "ninyi". Tumeichukua ahadi ya watu wengi, kila mmoja akaenda nayo chumbani kwake kama yake peke yake.

Sasa tuje kwetu. Nakuru ilianza kama kituo cha reli, ikafanywa mji mdogo mwaka wa 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ikapewa hadhi ya jiji. Ni mji wa watu waliokuja. Uliza katika plot yoyote Kaptembwo, Free Area ama Pipeline, "Kwenu ni wapi?", wengi watakutajia mahali pengine. Na wataongeza, "Hapa niko tu kutafuta." Mtu amekaa miaka 20 anatafuta tu. Hajapanda hata mti, hajui mtoto wa jirani anaitwa nani, mkutano wa mtaa haumhusu. Maisha ameyafunga kwenye gunia, anangoja kuyafungua siku atakapofika kule anakokwenda.

Mnielewe vizuri. Sisemi Nakuru ni Babeli, na mtu asichukue neno hili akamwambie jirani yake arudi kwao. Maneno hayo tumewahi kuyasikia katika Bonde la Ufa, na tunajua yalizaa nini mwaka wa 1992 na tena mwaka wa 2008. Uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa mahema, na wengine mnaosoma ukurasa huu mlilala mle. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa kabla ya mkataba kutiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Na tusidanganyane, Biblia zilikuwa pande zote. Mstari wa 11 ulijulikana pande zote. Mstari wa 7 ndio haukubandikwa popote.

Ndiyo maana nasema kusoma Biblia nusu nusu si jambo dogo. Mtu akijua ahadi bila kujua agizo, anaweza kumngoja Mungu ambariki yeye huku nyumba ya jirani inaungua.

Najua kuna atakayesema, "Basi unaniambia niridhike na kibarua, niache kutumaini?" Hapana, ndugu yangu. Mtazame Danieli. Alichukuliwa mateka akiwa kijana, akaingia kazi ya serikali ya wafalme waliomteka, akaifanya kwa uaminifu hata adui zake wakakosa kosa la kumshtaki. Na bado aliomba dirisha lake likiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Tumaini na kazi alikuwa navyo vyote viwili. Halafu katika Danieli 9:2, sasa ni mzee, tunamkuta akisoma. Anasoma maandiko ya Yeremia, anaona ile hesabu ya miaka 70. Na baada ya kusoma hakuanza kufunga mizigo. Alipiga magoti akawaombea watu wake wote, akijihesabu pamoja nao. Biblia haituambii popote kwamba Danieli alirudi nyumbani. Ni nani atasema alikosa kusudi?

Kwa hivyo kijana wangu, nikuambie wazi. Sijui kama utapata ile kazi, wala sitakutajia miezi kama Hanania. Lakini kusudi lako halijafungiwa ndani ya kazi ambayo haijaja. Lipo katika kile kibarua cha kesho asubuhi ukikifanya kwa haki, katika mche utakaopanda kwenye kaploti ambako unapanga, katika jirani wa kabila lingine utakayemtaja kwa jina mbele za Mungu. Mama unayeuza viazi sokoni, ukijaza debe la haki bila kuangalia mteja ametoka wapi, umeutakia mji heri. Hiyo ni huduma, hata kama hakuna aliyekushikisha maikrofoni.

Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version ilitoka mwaka wa 1952. Kabla yake watu wa Mombasa walikuwa na tafsiri zao na wa Unguja na zao. Wazee wale walifanya kazi ya miaka ili sote tusome kitabu kimoja, sura zote 1,189. Tusiwarudishie mistari kumi tunayoipenda.

Wiki hii, soma Yeremia sura ya 27 hadi ya 29 kwa kikao kimoja. Ni kama robo saa tu. Isome kwa sauti kama uko na watoto. Ukifika mstari wa 7, simama, uandike majina ya majirani watatu, mmoja awe si wa kabila lako, uwaombee kila siku hadi Jumapili. Kisha endelea hadi mstari wa 11, uupokee kwa furaha yote, ukijua sasa umeandikiwa pamoja na nani.

Tuombe: Baba, tupe subira ya kulisoma neno lako lote. Tusaidie kuishi hapa ulipotuweka, na uupe mji wetu amani. Katika jina la Yesu. Amina.