"Ji" ya Kujitolea

Swali la mgeni lilikuwa dogo: "Na pale penye maua, ni nini?"

Tulikuwa nyuma ya nyumba ya bibi mmoja, jirani yetu hapa Tukuyu. Wageni sita, makoti ya mvua, matope hadi vifundoni. Nilikuwa nimejitolea kuwatembeza watu katika bustani za mtaani kwetu. Wengi wanaofika Rungwe hupelekwa Ziwa Ngozi au Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, kisha huondoka bila kufika uani kwa mtu. Nilitaka waone migomba inavyoitilia kahawa kivuli, magimbi yanavyoota chini yake, na majani makavu yanavyorudishwa shinani ili mvua zetu zisiondoke na udongo.

"Ni kaburi la mume wake," nikajibu. Nikaeleza kwamba Wanyakyusa wengi huzika nyumbani, ndiyo maana kuuza kiwanja kama hiki si jambo jepesi. Mmoja akapiga picha. Bibi alisimama hatua chache kutoka pale, ameegemea jembe, anatabasamu.

Walipoondoka nilirudi kumshukuru. "Ndaga fijo, bibi." Akaitikia, kisha akasema bila hasira: "Umewaeleza vizuri, mjukuu wangu. Ila mimi sikuulizwa."

Usiku nilijitetea kitandani. Sikulipwa hata shilingi. Nilitoa Jumamosi yangu nzima. Na bibi mwenyewe alikubali tupite. Yote kweli. Lakini alikubali tuone migomba. Kaburi nililitoa mimi. Tena yeye ndiye aliyefagia uwanja tangu alfajiri, akachemsha ndizi, akaacha palizi yake. Neno kujitolea lina silabi ndogo, "ji", inayosema kwamba mtoaji anajitoa mwenyewe. Mimi nilitoa Jumamosi. Vingine vyote vilikuwa vya bibi, na shukrani nikapokea mimi.

Mtu wa mshahara akikosea, tunamuuliza analipwa kwa kazi gani. Anayejitolea tunaona haya kumkosoa, hata akitukanyagia miche. Kutolipwa kunamkinga. Ndiyo maana anayefanya kazi bure anapaswa kuomba ruhusa zaidi ya mwingine: wachache watathubutu kumwambia amekosea.

Mtu anaweza kusema kwamba bustani isiyotajwa kaburi lake imeelezwa nusu. Ni kweli. Lakini habari ya mtu haiwi yangu kwa sababu tu ninaijua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni mwenye nyumba, si mwonyesha njia. Na sidhani kama bibi alipona siku ile.

Siku hizi hupita kwake jioni kabla ya ziara. Tuje? Tuone nini? Nani aeleze? Mara nyingi hueleza mwenyewe kwa Kinyakyusa, mimi nikatafsiri. Akifika penye maua, husimama au hupita, kadiri moyo wake unavyomtuma, nasi tunamfuata.

Juzi alisema, "Kesho hapana." Sikuuliza sababu. Wageni walipotaka kujua kwa nini tunaipita nyumba yenye migomba mizuri kiasi kile, niliwaambia mwenyewe amesema hapana, tukaendelea na barabara.