Urithi: Ni Mali au ni Amana?

Msomaji, mtu anapofariki dunia huacha nyuma yake maswali mawili. La kwanza ni la msiba: tumzike wapi na lini? La pili ni la mali: nani atashika mahali pake? Swali la kwanza huwakusanya watu, na la pili aghalabu huwatawanya. Wazee walisema kufa kufaana, na msemo huo una uchungu kwa kuwa ni wa kweli. Nakuomba tulitazame swali hili la pili kwa utulivu, maana wewe kijana unayesoma ukurasa huu utakuwa mrithi siku moja, hata kama baba yako hana shamba wala duka.

Nianze karibu na nyumbani. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands, ziko nyumba zilizojengwa na wakuu wa mji katika miaka ya 1940, 1950 na 1960 kwa ajili ya wafanyakazi. Kaloleni, Maringo, Jericho na Mbotela ni baadhi ya mitaa hiyo. Nyumba hizo ni za kupanga. Mpangaji hulipa kodi, hutunza risiti zake, huoa, hulea watoto, huzeeka, na kwa urefu wa miaka husahau kwamba nyumba si yake.

Nilimjua mzee mmoja aliyeishi hivyo katika vyumba viwili. Alipofariki aliacha mwana wa kiume, binti, na ndugu yake mdogo. Kabla matanga hayajaondoka, ugomvi ulianza. Kijana alisema: mimi ndimi mzaliwa wa kwanza. Ami yake alisema: mimi nililipa kodi ya nyumba hii mwaka mzima baba yenu alipokosa kazi. Binti hakusema neno, lakini jirani wote walijua kwamba yeye ndiye aliyemwuguza mzee miaka mitatu. Tazama, msomaji, hakuna aliyesema uongo. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili. Ugomvi wa urithi mara nyingi si ugomvi wa haki na batili, bali ni ugomvi wa haki na haki.

Kijana alikwenda usiku kwa mkubwa mmoja kuomba msaada. Ami naye alikwenda kwa mkubwa mwingine. Wazee wa mtaa walipoitisha kikao, binti alisimama akasema maneno machache: “Mnagombea kitu ambacho baba hakuwa nacho. Baba alikuwa mpangaji.” Watu walidhani ni maneno ya mtu aliyekata tamaa, na mimi nilidhani hivyo pia. Miezi miwili baadaye aliingia katika vyumba vile mtu tusiyemjua, aliyeletwa na mmoja wa wale wakubwa. Kijana na ami yake walibaki nje, kila mmoja na haki yake mkononi.

Sasa tuvuke kutoka vyumba viwili hadi katika ufalme. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman, Unguja na sehemu kubwa ya pwani yetu, alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Aliacha watoto wengi. Thuwaini alishika Maskati, na Majid alishika Unguja. Thuwaini alidai kwamba urithi ni mmoja na wote ni wake. Barghash, ndugu mdogo wa Majid, aliona kwamba Unguja yafaa iwe yake. Mwaka 1859 Barghash aliasi, na dada yake, binti mfalme Salme, aliyekuwa bado kijana sana, aliwaandikia waasi barua zao. Uasi ulizimwa kwa msaada wa askari wa manowari za Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka huo huo Thuwaini alituma merikebu za vita kuja Unguja, nazo zikazuiwa na Waingereza.

Mwishowe ndugu walikubali kuamuliwa. Mwamuzi alikuwa Lord Canning, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza. Mwezi wa Aprili 1861 aliamua kwamba Unguja na Oman zitengane, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Damu nyingi iliepukwa, na hilo tulikiri. Lakini tangu siku hiyo kiti cha Unguja kilikuwa na mlinzi wa nje, na mlinzi alijua njia ya kuingilia. Salme naye alirudi mwaka 1885 kudai urithi wake kwa Barghash, aliyekuwa sultani wakati huo. Alikuja pamoja na manowari za Ujerumani, na hakupata alichokidai. Wajerumani na Waingereza ndio waliopata. Mwaka uliofuata walikata mipaka ya bara, wakamwachia sultani kipande cha pwani chenye upana wa maili kumi, na mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Kilele kilifika mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid, mwana wa Barghash, aliingia katika jumba la kifalme akajitangaza mrithi. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid muda hadi saa tatu ya asubuhi, tarehe 27, atoke. Hakutoka. Mizinga ilianza kulia, na baada ya muda usiofika saa moja jumba lilikuwa magofu. Upande wa jumba waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500, miongoni mwao walinzi, watumishi na watumwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia nyumba ya ubalozi wa Ujerumani, na Hamoud akatawazwa siku hiyo hiyo. Mtumwa aliyekufa mlangoni hakuwa na fungu katika urithi wa Khalid wala wa Hamoud.

Usidhani kwamba jambo hili ni la Waarabu au la pwani tu. Katika biashara ya siku zile ilikuwako reale mashuhuri yenye sura ya mwanamke, Maria Theresa wa Austria. Baba yake hakuwa na mwana wa kiume. Mwaka 1713 aliandika sheria kwamba binti naye aweza kurithi, na kwa miaka mingi akawabembeleza wafalme wa Ulaya waikubali. Wengi walikubali. Alipofariki mwezi wa Oktoba 1740, haikupita miezi mitatu kabla Frederick wa Prussia hajaivamia nchi ya Silesia iliyokuwa katika urithi wa binti huyo. Vita viliendelea hadi 1748, vikafika Amerika na India. Maria Theresa aliokoa sehemu kubwa ya urithi wake, lakini Silesia hakuipata. Na yeye aliyelia kwa kunyang’anywa alikuwa mmoja wa watawala watatu waliojigawia nchi ya Poland mwaka 1772.

Kabla ya hapo, wafalme walipigana kwa sababu Charles wa Pili wa Hispania alifariki mwaka 1700 bila mtoto. Walichinjana kuanzia 1701 hadi 1714. Katika mapatano ya mwaka 1713, Uingereza ilipata, pamoja na mambo mengine, ruhusa ya kupeleka watumwa wa Afrika katika makoloni ya Hispania kwa miaka 30. Fikiri, msomaji! Mfalme amekufa Madrid bila mtoto, na gharama ya mapatano analipishwa Mwafrika ambaye hakulijua hata jina la mfalme huyo.

Sasa tupime. Kuna mtu atakayesema: kosa ni kukosa kanuni, na kanuni ikiwa wazi ugomvi hautakuwako. Nakubali nusu ya maneno hayo. Kanuni ni bora kuliko nguvu. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1981, iliweka kanuni kwamba watoto wa kike na wa kiume wa mtu asiyeacha wosia wagawane sawa, na hiyo ni hatua njema. Walakini baba yake Maria Theresa alikuwa na kanuni, na kanuni yake ilikubaliwa na wakuu, wala haikumzuia Frederick. Kanuni haina mikono. Husimama kwa watu wanaoiheshimu hata inapowanyima.

Tena liko jambo la ndani zaidi, nalo ndilo alilolisema yule binti. Mtu hurithi kile tu ambacho marehemu alikuwa nacho. Ng’ombe hurithiwa, shamba hurithiwa, saa ya mkononi hurithiwa. Lakini je, watu wa Unguja walikuwa mali ya Sayyid Said, hata wagawanywe kama minazi? Watu wa Silesia walikuwa mali ya nani? Mtawala hukaa katika nchi kama mzee yule alivyokaa katika vyumba viwili: ni mpangaji, na kodi yake ni utumishi. Akifa, kinachobaki si mali bali amana. Anayedai mali husema, “Nipeni, ni yangu.” Anayedai amana hana budi kuulizwa, “Utaitunzaje, na kwa ajili ya nani?” Kijana, ami na wafalme hawakukubali kuulizwa swali hilo.

Basi ninayo mafundisho mawili ya kukuachia. La kwanza ni la busara: warithi wakigombana, mwamuzi hurithi. Atakayekwenda usiku kwa mkubwa kutafuta msaada dhidi ya ndugu yake asistaajabu asubuhi kumkuta mkubwa huyo sebuleni. La pili ni la haki: kabla hujauliza kitu ni cha nani, uliza kama kilikuwa cha marehemu, na kama ni amana, waulize wale watakaoishi ndani yake.

Yule binti sasa anaishi chumba kimoja katika mtaa mwingine, na kaka yake humtembelea. Siku moja nilimwuliza kama alisikitika kuikosa nyumba. Alinijibu kwamba aliisikitikia nyumba kidogo, akamsikitikia ami yake zaidi, kwa kuwa tangu kikao kile hajaonana naye. Vyumba viwili vya mtaani vyaweza kupatikana tena. Wewe unayekalia dawati lililokaliwa na wengine kabla yako, katika nchi iliyokuwako kabla hujazaliwa, tayari u mrithi. Angalia usije ukasahau kwamba u mpangaji.