Ukijua, Mwanangu, Onyesha

Mwanangu, kaa kwanza. Najua umekasirika. Umesomea jiolojia, umezunguka Nyarugusu na Rwamagasa huko Geita, unajua mawe yanavyopandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, yanavyosagwa kwenye karasha, na jinsi watoto wa watu wanavyoshika zebaki kwa mikono mitupu. Ukaona makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu uchimbaji mdogo ina makosa. Ukayarekebisha. Kesho yake maneno yako yote hayapo, na aliyeyaondoa ni mtu usiyejua jina lake halisi wala shule aliyosoma.

Na wewe uliyeyaondoa, vuta kiti. Nawe ni mwanangu. Unajitolea bila senti, usiku, kwa bando lako mwenyewe. Umechoka kuondoa matangazo ya biashara, sifa za wanasiasa na tafsiri za kompyuta zisizoeleweka. Ukakuta aya ndefu isiyo na tanbihi hata moja, ukairejesha makala ilivyokuwa. Ulifuata kanuni.

Sitawaamua leo. Nataka kuwaambia niliyoyaona, maana ugomvi huu nami niliwahi kuwa ndani yake.

Hamkuuanzisha ninyi. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger, huko Marekani, walianzisha kamusi elezo iliyoitwa Nupedia. Ilikuwa ya wataalamu, na kila makala ilipitishwa katika hatua saba za uhakiki. Muda ukapita, makala zilizokamilika zikawa chache mno. Januari 2001 wakafungua mlango wa pili, Wikipedia, ambako yeyote anaruhusiwa kuandika. Huko makala zikafurika. Ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Sanger alijitoa mapema, akalalamika kwamba wajuzi hawaheshimiwi, na baadaye akaanzisha Citizendium, ambako wataalamu walipewa sauti kubwa zaidi. Haikufika mbali.

Iliyokua ni ile isiyomuuliza mtu cheo chake. Inamuuliza, "Haya umeyatoa wapi?" Na ina sababu. Mtandaoni kila mtu anaweza kujiita daktari. Mwaka 2007 iligundulika kwamba mhariri mmoja mwenye mamlaka makubwa katika Wikipedia ya Kiingereza, aliyejitambulisha kuwa profesa wa dini, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada alizozitaja. Kwa hiyo, mwanangu mjiolojia, ukiulizwa chanzo, elimu yako haijadharauliwa. Msomaji hakuoni, na hana njia nyingine ya kukuamini.

Mimi hilo nililikataa. Nilikuwa bwana misitu Shinyanga, katika HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Nchi ilikuwa imebaki wazi. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, kuni zikawa za kufuatwa mbali. Mwalimu Nyerere aliona hali ile, na serikali ikaamka. Lakini dawa wazee wa Kisukuma walikuwa nayo tangu zamani: ngitili. Mvua zinapoanza, mwenye eneo analifunga. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinapanda, visiki vinachipua. Kiangazi kikikaza na malisho yakiisha kwingine, eneo linafunguliwa. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati anajibu mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji. Sisi wa ofisini tulilokuja kufanya ni kuunga mkono kitu kilichokuwepo.

Basi nilipostaafu nikaandika mtandaoni kwamba ngitili zilifufua hekta 500,000. Kijana mmoja akauliza chanzo. Nikamjibu, "Nilikuwepo." Akaniandikia kwa adabu kwamba ipo ripoti inayotaja zaidi ya hekta 350,000, akaomba nimsaidie kujua ipi ni sahihi. Nikaona nimevunjiwa heshima. Mtoto ambaye labda hajawahi kukanyaga Kishapu ananisahihisha! Nikafunga kompyuta, sikurudi.

Muda mrefu baadaye nilifungua kabati la makaratasi ya kazi. Ripoti zetu wenyewe zilikuwa hazikubaliani. Moja ilisema 350,000 na ushei, nyingine 500,000, kwa sababu si kila kijiji kilipimwa na sehemu kubwa ya hesabu ilikuwa makadirio. Yule kijana aliniuliza swali ambalo mimi mtaalamu nilipaswa kuwa wa kwanza kujiuliza. Sentensi ya haki ilikuwa nyepesi tu: "Makadirio yanatofautiana, kuanzia hekta 350,000 hadi 500,000," kisha ripoti zote mbili zitajwe. Nilikuwa nazo. Kiburi kilinizuia kusimama na kufungua kabati.

Mwanangu mjiolojia, nenda kwenye soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa mwaka 2019. Mchimbaji akifika pale haulizwi amekaa shimoni muda gani. Dhahabu inapimwa uzito, inapimwa ubora, bei inatoka hapo. Hajioni ametukanwa. Nawe ujuzi wako uache upimwe.

Sasa zamu yako, mwanangu mhariri. Kanuni ulizoshika ni nzuri: kutopendelea upande, kuonyesha chanzo, kutoweka utafiti ambao haujachapishwa popote. Lakini kanuni ikishikwa bila subira inawafukuza wanaojua.

Yuko mwanahistoria wa Marekani, Timothy Messer-Kruse, aliyechunguza kwa miaka mingi kesi ya bomu la Haymarket lililolipuka Chicago mwaka 1886. Wikipedia iliandika kwamba upande wa mashtaka haukuleta ushahidi wa kuwahusisha washtakiwa na bomu lile. Yeye alikuwa amesoma kumbukumbu za mahakama zenyewe. Akasahihisha, wakafuta. Wakamwambia akachapishe kwanza. Akachapisha kitabu mwaka 2011, akarudi, wakamwambia waandishi wengi bado wanasema vile vya zamani, na wengi ndio wanaopewa uzito. Mwaka 2012 akayaeleza hayo hadharani, watu wengi wakashtuka. Wahariri wale hawakuwa wabaya. Walisahau tu kuwa kanuni imewekwa ili ukweli upite, na pale ilikuwa imeuzibia njia.

Hata hapa kwetu. Vitabu vya shule vya zamani viliiweka Geita mkoani Mwanza, kwa kuwa ilikuwa wilaya ya Mwanza mpaka mwaka 2012 ilipopandishwa kuwa mkoa. Mtoto wa Katoro akisahihisha hilo bila tanbihi, usimfute ukamwonyesha kitabu cha zamani. Mtafutie tangazo la serikali, uliweke wewe. Ndiyo kazi uliyojitolea kuifanya.

Na usipime kazi kwa wingi. Mwaka 2009 Google waliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, wakiwalenga wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Zawadi zilikuwepo na makala zikaja kwa mamia. Zawadi zilipogawiwa, wengi hawakurudi. Mtu mmoja anayejua jambo lake na anayekaa ana faida kuliko umati unaopita. Kwa hiyo akija mjuzi, hata akija na hasira, mkaribishe. Weka alama ya kuomba chanzo, mwandikie kwenye ukurasa wa majadiliano, mpe wiki. Pengine hajui kuweka tanbihi. Mfundishe.

Kuna jambo moja zito nataka mlisikie nyote. Agosti 1996 wachimbaji wadogo walifukuzwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu kupisha kampuni. Wachimbaji na LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, walidai kwamba watu zaidi ya hamsini walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakana. Mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko, CAO, ilisema haikuona msingi wa madai hayo. LEAT hawakuridhika, wakaendelea kudai uchunguzi huru.

Sasa fikirieni makala ya Bulyanhulu. Anayeamini ndugu yake alifukiwa mle mashimoni atataka kuandika "waliuawa," basi. Mwenye maslahi mgodini atataka kifungu kizima kiondolewe. Kamusi elezo haimpi yeyote kati yao anachotaka. Inaeleza nani alidai nini, lini, nani alikana, nani alichunguza na alisema nini. Kwa mwenye uchungu hilo ni kidogo mno, najua. Lakini tanbihi hizo ndizo zinazozuia habari ile isifutwe kimyakimya na mwenye nguvu. Siku atakapojaribu, mwanangu mjiolojia, utaishukuru kanuni iliyokukera leo. Na wewe mhariri utaona kwa nini hutakiwi kuitumia kivivu.

Lililo gumu zaidi kwetu ni kwamba mengi tunayoyajua hayajachapishwa. Nani ameandika kwa Kiswahili jinsi matimba yanavyopangwa ili duara lisibomoke? Nani ameandika maamuzi ya dagashida za Shinyanga, kijiji kwa kijiji? Ripoti nyingi za ngitili ziko kwa Kiingereza. Wazee wanazikwa na waliyoyajua, halafu ninyi mnagombana kuhusu tanbihi ambayo haiwezi kupatikana. Hapo mhariri hana kosa, na mjuzi hana kosa. Kilichokosekana ni kazi ya kabla yenu, nasi wazee tunadaiwa sehemu kubwa ya deni hilo.

Kwa hiyo usianzie mtandaoni, mwanangu. Anzia kwa mzee. Andika anayosema, jina lake na tarehe, kwa ridhaa yake. Peleka makala gazetini, peleka kwenye jarida la chuo chako, toa kijitabu. Itachukua miaka, nawe una haraka, kama nilivyokuwa nayo mimi. Lakini jambo likishachapwa na kuhakikiwa, hata mtu asiyekupenda atakuwa na cha kusoma kabla ya kukupinga.

Leo jioni fanyeni moja tu. Fungueni ile makala pamoja. Wewe mjuzi taja ripoti na ukurasa. Wewe mhariri irudishe aya, uiwekee tanbihi. Sentensi mnayoshindwa kuithibitisha iacheni kwenye ukurasa wa majadiliano, mpaka mmoja wenu aende Rwamagasa akaulize.