Kipimo Kinachopungua

Nabii Amosi (8:5) awakemea wafanya biashara wapunguzao kipimo. Nikifundisha somo hilo zamani nilidhani ni habari ya pishi na mizani tu.

Mwaka 1984 bei nchini zilipanda kwa zaidi ya 30 kwa mia. Riba ya akiba haikufika hata 10. Mama yangu, hapa Bujora, alikuwa ameuza pamba, akitafuta bati za nyumba. Mimi, mwanawe msomi, nikamshauri aweke fedha benki, asizifiche chunguni. Miaka mitatu baadaye kitabu chake kilionyesha shilingi nyingi kuliko alizoweka, lakini bati zake hazikutosha hata kuezeka jiko. Mwalimu mwenzangu alikopa Benki ya Nyumba (ilianzishwa 1972, ikafilisika 1995), akajenga vyumba vitatu, akalipa kwa shilingi zilizokwisha kunyauka. Hakuiba, masharti yalikuwa hayo. Ila wenye mishahara kama sisi ndio tuliokopeshwa. Mkulima aliweka tu.

Sasa baraza la parishi lataka kupunguza riba katika mfuko wetu wa kuweka na kukopa, na wakopaji tumeshangilia. Wengi walioweka humo ni wajane. Hawajaulizwa bado.