Tonge la Mfalme

Aghalabu anapotajwa Danieli, watu hukumbuka simba. Mimi hurejea nyuma, kwenye sura ya kwanza, ambako hapana tundu wala mnyama. Pana vijana wanne na sahani.

Walichukuliwa mateka kutoka Yerusalemu hadi Babeli, wakaamriwa kusomeshwa miaka mitatu lugha na maandishi ya Wakaldayo, nao wakasoma. Wakabadilishwa majina. Danieli akawa Belteshaza, jina ambalo Nebukadneza mwenyewe alisema limetokana na mungu wake. Hata hapo hatuambiwi kwamba walilalamika. Lakini kilipoletwa chakula cha mfalme na divai yake, Danieli alikataa, akaomba mboga na maji.

Kwa nini chakula, wala si jina? Wafasiri wengi husema ni miiko ya Torati. Jibu hilo hupwelewa penye divai, ambayo Torati haikuwaharimishia watu wote. Tena katika sura ya kumi Danieli, sasa mtu mzima, ajinyima nyama na divai kwa majuma matatu. Dalili kwamba siku nyingine alivitumia. Kwa maoni yangu, jina huitwa na wengine, bali tonge mtu hulitia kinywani mwenyewe. Na alishwaye na mfalme kila siku hujikuta, pasi na kulazimishwa, akiimba wimbo wa mfalme.

Hapo ndipo nionapo upungufu wa mahubiri mengi dhidi ya usasa. Huhesabu suruali, muziki, simu na misuko ya nywele, yaani lugha na majina ya Babeli, ambayo Danieli aliyajua kuwapita wenyeji (na mshairi yeyote angemhusudu kwa hilo). Sahani haitazamwi. Mafuta ya upako yauzwa kwa bei. Mwanasiasa apanda madhabahuni na bahasha, na hakuna aulizaye imetoka wapi.

Mara chache huulizwa. Mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia moja, zikiwamo za kwaya na za nyumba ya padre, zitarejeshwa. Waraka wa Askofu Mkuu Philip Anyolo ulikuwa mfupi, usio na matusi. Danieli naye hakumbeza msimamizi aliyemletea sahani, aliyewekwa na mkuu wa matowashi, ambaye alihofia kichwa chake mbele ya mfalme. Alimsihi kwa adabu, akamwomba siku kumi tu za kujaribu.